Mimi Sifumbi Macho!

Jumamosi, 6 Aprili

Wamenikata shati. Tena! Mbele ya watu, mbele ya kambare wa kukaanga, mbele ya mke wangu wa ndoa.

Sheria ya kambi yetu ya uwindaji ni ya kipuuzi tangu enzi za mababu. Ukimfyatulia bata mzinga risasi ukamkosa, mkia wa shati lako unakatwa na kupigiliwa misumari ukutani, na jina lako linaandikwa juu yake. Ukuta umejaa vitambaa kama kamba ya dobi. Vitatu ni vyangu. Cha mwaka juzi, cha mwaka jana, na cha leo. Cha leo kimetoka kwenye shati langu la miraba myekundu, zuri kuliko yote. Sasa kiuno kinapigwa upepo.

Mkataji ni Bi Wylodean, mkuu wa kambi, mjane mwenye mikono ya mchinja nguruwe na mkasi wa kukatia mapazia. Alikata polepole. Alikuwa anaona raha, mama yule!

Lakini aliyenichoma roho ni Doyle. Doyle Grimsley, shemeji yangu, kaka wa mke wangu Nelda, pua kama kiazi kilichosahaulika kabatini. Alisimama na kijiti cha meno mdomoni akawatangazia wote kwamba aliniona. Kwamba kabla bunduki haijalia mimi huwa nimeshafumba macho, nimekunja uso kama mtoto anayenyweshwa mafuta ya nyonyo, na mtutu umeshaelekea mbinguni kusalimia malaika. "Jamani, shemeji anaogopa teke la bunduki yake mwenyewe!" Wakacheka hadi meza ikatikisika. Nelda naye alicheka, akajifanya anakohoa.

Uongo mtupu! Mimi sifumbi macho. Bata aliinama. Ndege wa siku hizi hawana adabu, wanainama.

Sasa msiba wenyewe. Ukifikisha mikia mitatu unapoteza mahali pako pa kuwindia. Na mahali pangu ni Korongo la Tadlock. Tadlock ni sisi! Baba yangu aliniketisha chini ya mwaloni wa korongo lile nikiwa na miaka minane, akaniambia ninyamaze, nikanyamaza, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu. Tangu hapo sijawahi kukosa majira ya kuchipua hata moja pale. Na anayefuata kwenye foleni ni nani? Doyle! Ameshasema mdomo ukiwa umejaa kambare kwamba ataliita Korongo la Grimsley.

Nelda akampelekea Bi Wylodean pai ya kokwa za pekani na maneno matamu. Nikapewa nafasi moja. Jumamosi ya tarehe ishirini, asubuhi, Doyle akishuhudia. Nikimpata dume la bata, korongo linabaki langu. Nikikosa, ni la Doyle.

Nimelala na viatu kwa hasira.

Jumapili, 7 Aprili

Bega limekuwa rangi ya bilinganya. Nimekwenda kanisani hivyohivyo. Mlangoni Mchungaji Hutto akanipiga bega lilelile kwa upendo wa Kikristo. Nilitamka neno ambalo mlango ule haujapata kulisikia tangu ujengwe.

Wakati wa mahubiri nikafikiri, maana mahubiri ni ya kazi hiyo. Tatizo si mimi. Tatizo ni Nyumbu. Ndivyo ninavyoiita bunduki yangu, kwa ajili ya mateke. Nilimnunua miaka mitatu iliyopita. Anameza risasi nene ndefu kama kidole cha mchungaji anapolaani dansi. Kambi nzima hakuna bunduki kubwa kama hiyo. Doyle ana bunduki ya wastani, kama maisha yake.

Sasa, bata mzinga hawindwi kwa kusimama. Unakaa chini, mgongo kwenye mti, magoti juu, bunduki juu ya goti. Ukifyatua, teke linataka kukusukuma nyuma. Nyuma kuna mwaloni. Mwaloni hausogei! Teke lote unalimeza wewe, bega na taya na matumbo. Mtu mwenye akili zake lazima ajiandae kidogo. Kujiandaa si kuogopa. Mimi najiandaa kwa kukaza meno, kukaza shingo, kukaza matako, na labda kope. Labda!

Dawa ni kitu laini begani. Nikatazama mbele. Doyle hukaa benchi la pili, juu ya mto mwekundu wa sponji, kwa sababu ya bawasiri zake. Sponji nene. Sponji ya maana. Inakaliwa na matako yasiyoistahili.

Mchungaji akasema tusitamani mali ya jirani. Doyle si jirani, anakaa maili nne kutoka kwangu.

Jumanne, 9 Aprili

Mdomo unauma. Naandika kwa mkono mmoja.

Jana nilimwambia Nelda naenda kanisani kubadilisha balbu. Balbu sikuigusa. Nilipasua mto wa Doyle, nikatoa sponji, nikajaza maganda makavu ya mahindi, nikashona. Mshono mzuri, hata Bi Wylodean hangegundua.

Leo nimeitia sponji ndani ya kizibao changu cha kuwindia, begani. Nikaenda nyuma ya banda, nikabandika karatasi yenye picha ya kichwa cha bata niliyoichora mwenyewe (ilifanana na Doyle, sikukusudia). Nikaegemea mti. Nikakaza vyote.

Aliyebuni sponji alaaniwe! Kumbe kitu kikiwa kinene hivyo begani, kitako cha bunduki hakipati pa kukaa. Kiliteleza hadi kwenye msuli wa mkono. Shavu halikufika kwenye bunduki kabisa. Nyumbu akapiga: kidole gumba changu mwenyewe kikaniingia puani, na meno yangu ya bandia ya juu yakaruka. Kuku walifika kabla yangu. Nilipambana na jogoo mzima mzima kuyapata, nayo yana alama ya mdomo wake hadi sasa.

Karatasi safi. Haina tundu hata la pini. Marisau, punje zote za risasi, yalipita juu, yakapasua kimoja cha vibuyu ambavyo Nelda huwatundikia mbayuwayu. Nelda alitoka jikoni, akatazama kibuyu, akanitazama mimi na damu puani, akarudi ndani bila kusema neno. Ningependa angepiga kelele. Mwanamke anayenyamaza anapanga jambo.

Sponji nimewatupia kuku. Wameikalia wote.

Alhamisi, 11 Aprili

Alikuwa anapanga jambo!

Leo baada ya chai Nelda akaniita nyuma ya banda kama mwalimu anayemwita mtoro. Alikuwa ameketi juu ya ndoo, na mapajani risasi zangu. Kumbe siku mbili hizi alikuwa anaokota maganda matupu ya risasi, anayajaza maharage yapate uzito, anayafunga kwa nta. Risasi za maharage! Hazilipuki. Nyuma kapaka rangi yake nyekundu ya kucha ili mtu asije akachanganya. Akasema yeye ndiye atakayeipakia Nyumbu, mimi nikiwa nimempa mgongo. Risasi ya kweli au ya maharage, sitajua. Kazi yangu kufyatua tu.

Mchezo wa watoto, nikasema. Nikakaa. Nikalenga.

Ta! Kakidude kadogo tu, mlio wa kufunga sanduku. Maharage. Lakini Nyumbu alikuwa ameshainamisha mtutu hadi kwenye majani kama kuku anayedonoa, mabega yangu yalikuwa yameshapanda masikioni, na kuna mtu alikuwa amepiga ukelele. Nelda anadai ni mimi.

Nikamwambia ni nyuki. Alicheka hadi akashindwa kusimama, akajikalisha kwenye toroli. Machozi yalimtoka. Mama wa watoto wangu! Mara ya pili, maharage tena, na nyuki tena. Ya tatu ya kweli, na bega likalia. Ya nne maharage. Hapo akaacha kucheka, ndipo nikaudhika zaidi.

Akasema kwa sauti ya upole anayotumia kwa ng'ombe mgonjwa: "Mume wangu, bunduki haijakugusa. Unajipiga mwenyewe kabla yake." Akasema Nyumbu amenifundisha woga kwa miaka mitatu, na kabla ya Nyumbu sijawahi kukatwa shati. Nikamwambia mambo hayo mawili hayahusiani. Akasema nitumie risasi nyepesi. Nizibe masikio, kwa maana nusu ya hofu iko kwenye mlio. Nibonyeze kifyatulio polepole kama ninayekamua, nisikivute kama kamba ya kengele. Au, akasema, nichukue kabunduki kake.

Kabunduki kake! Kako nyuma ya mlango wa jikoni, aliachiwa na baba yake, mtutu mmoja mwembamba kama mpini wa ufagio. Kanaua nyoka wa banda la kuku. Mimi, Orbie Tadlock, niingie korongoni kwa baba yangu na ufagio?

Akaenda akakaleta, akakaa chini ya mti wangu, akapiga karatasi yangu. Pa! Kama mtu aliyeangusha kitabu. Kichwa cha bata kikawa chujio la chai. Akasimama, akajipangusa majani, akaenda kumenya viazi.

Sikula viazi hivyo. Nilikula vichache.

Jumamosi, 13 Aprili

Hatimaye akili imefanya kazi! Kama mimi siwezi kupona kwa wiki moja, basi na Doyle augue.

Leo kambini, watu wakiwa wanakula uji wa mahindi na soseji, nikasema kwa sauti, nikiiambia chumvi kama vile simwambii mtu, kwamba kuna watu wanasema wengine waoga na hawajawahi kugusa bunduki ya kiume. Doyle akaacha kutafuna. Akauliza nani huyo. Nikasema sijataja jina, shemeji, ila kofia ikimtosha mtu asiivue. Akasema lete huyo Nyumbu wako, baba, nimpande hata bila tandiko.

Samaki huyo! Kafuata ndoana hadi mlangoni.

Nikamketisha mezani, kwenye benchi la kujaribia bunduki, ameinamia mbele, maana hapo teke ni baya kuliko yote. Nikampa zile ndefu kabisa. Ya kwanza ikampeperusha kofia. Akasema raha tupu, na macho yamelowa. Ya pili kijiti cha meno hakijaonekana hadi sasa. Nadhani kakimeza. Ya tatu akaomba maji. Nikamwambia kwamba marehemu baba yake, mkwe wangu, asingekubali kuishia tatu. Akapiga ya nne kwa heshima ya marehemu, ya tano kwa sababu Bi Wylodean alikuwa anatazama. Kufikia ya tano alikuwa anafumba macho nikigusa tu kifuko cha risasi.

Alipanda pikapu yake akiendesha kwa mkono wa kushoto. Sijafurahi hivi tangu harusi ya binti yangu. Nimekula viazi vya juzi vyote.

Jumapili, 14 Aprili

Nimelaaniwa. Sikuhesabu kanisa.

Doyle alikaa juu ya mto wake. Kraa! Maganda ya mahindi. Kila akipumua, kraa. Watu wanageuka. Akaangalia chini ya matako yake, akanitazama mimi. Nikafungua kitabu cha nyimbo.

Halafu Mchungaji Hutto akafika kwenye kuta za Yeriko. Mzee yule akifika Yeriko hupiga mimbari kwa kiganja kila ukuta unapoanguka. Paa! Doyle akaruka, mabega masikioni, macho kafumba. Nilitaka kucheka ila nilikuwa na shughuli zangu. Mchungaji akainua mkono mara ya pili. Hajaushusha bado! Mkono uko hewani! Na sisi wawili, yeye benchi la pili na mimi la tano, tumeshajikunja kama kobe.

Bi Wylodean huimba kwaya. Kwaya hukaa mbele, inatutazama sote. Alitazama ukuta wote wa Yeriko ukianguka, na sidhani alimtazama mchungaji hata mara moja.

Nje, chini ya mbuyu wa kofia yake ile kubwa ya maua, akatusimamisha kama watoto walioiba yai. Akasema sisi wote ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja, na haki ni haki. Jumamosi tutakaa mwaloni mmoja, tupige wote, kwa zamu. Atakayeangusha dume ndiye mwenye korongo. Doyle akabweka kwamba haikuwa hivyo. Mimi nikabweka kwamba haikuwa hivyo. Mara yetu ya kwanza kukubaliana tangu aliposema nisimuoe dada yake, na mimi mwenyewe nilikuwa nasitasita.

Nelda akasema atakaa katikati kama shahidi, tusije tukatunga uongo wetu. Na atakuja na kabunduki kake. Ya nini, akaulizwa. "Nyoka," akasema.

Hasira! Wiki iliyopita nilikuwa na nafasi ya kukosa peke yangu. Sasa kuna nafasi Doyle apate!

Alhamisi, 18 Aprili

Nelda ameniita mara tatu nikafanye zoezi la maharage. Nimekataa mara tatu. Nina mpango bora.

Moja: macho. Kama kope zinataka kufumba, nitazizuia. Nimeiba plasta za vidonda bafuni. Nitazibandika kope kwenye nyusi. Zifumbe basi tuone!

Pili: shati. Nitavaa lilelile la miraba lililokwisha kukatwa. Mkia haupo, wakate nini?

Tatu, na hii ndiyo tamu. Krismasi Nelda alitununulia mimi na Doyle vizibao vya kuwindia vinavyofanana kila kitu, maana mume na kaka, akasema, wasioneane wivu. Ijumaa tunalala kambini. Vizibao vitatundikwa msumari na msumari. Kabla ya mapambazuko nitachukua risasi za Doyle mfukoni mwake, niweke za maharage. Zimekaa kwenye kopo dirishani, Nelda hatajua. Dume litasimama, Doyle atafyatua, ta! Atadonoa chini kama kuku mbele ya dada yake. Halafu mimi, na Nyumbu wangu, na macho wazi kama bundi.

Siwezi kushindwa. Hata nikijaribu siwezi.

Jumamosi, 20 Aprili

Nitaandika upesi kabla Nelda hajazima taa.

Wakati wenzangu wanakula mkate moto na mchuzi mzito wa soseji, niliingia chumbani gizani. Kizibao cha kushoto ni cha Doyle, nilikiona akikitundika jana. Nikatoa risasi, nikaweka maharage. Nikarudi, nikala mikate minne.

Tukaingia korongoni. Lile korongo! Ukungu umelala kwenye kijito, maua meupe ya porini yanawaka gizani. Tukakaa: Doyle kulia kwa mwaloni, mimi kushoto, Nelda katikati na kabunduki mapajani. Bi Wylodean nyuma ya gogo. Tulivuta vijiti, Doyle akapata zamu ya kwanza. Nikafurahi kimoyomoyo. Nelda akaweka viganja mdomoni akalia kama bundi, sauti ambayo dume hawezi kuivumilia, na huko juu, mtini alikolala, dume akajibu. Gulugulugulu! Vinyweleo vilisimama. Baba yangu alikuwa akisema mtu asiyetetemeka akisikia sauti ile, azikwe.

Nikabandika plasta. Nikapakia Nyumbu kwa kupapasa.

Plasta ni mateso! Macho hayapepesi. Yanakauka, halafu yanalia, halafu mbu akatua juu ya jicho lenyewe, jicho la kulia, akatembea. Sikuweza hata kumfukuza, dume alikuwa ameshashuka. Nelda akamwita kwa kisanduku cha mbao kinacholia kama bata jike kikisuguliwa, taratibu, mara mbili tu, akanyamaza. Dume akaja. Mweusi, anang'aa kama kaa la mawe lenye maji, kifua mbele, ndevu zinaburura majani, kichwa chekundu na bluu na cheupe. Mkubwa kama Mchungaji Hutto. Akasimama hatua thelathini, akainua shingo.

Nikasubiri ile ta.

PUU! Bunduki ya Doyle ililia! Ililia kweli! Doyle mwenyewe alikuwa amejikunja, shavu limeachana na bunduki, na marisau yalipita juu kabisa, yakakata tawi zima la maua meupe likamwangukia kichwani. Amekaa na maua kama bibi harusi. Dume akaruka pembeni, akasimama tena, shingo juu, anashangaa.

Basi sikuelewa, lakini zamu ilikuwa yangu. Macho wazi! Plasta imara! Nikalenga ile shingo. Nikavuta.

Ta.

Maharage.

Macho hayakufumba, nasema wazi, mashahidi wapo. Kichwa kizima ndicho kiligeuka. Kiligeuka kulia chenyewe, nikajikuta natazamana na Doyle, yeye na maua yake, mimi na plasta zangu, Nyumbu amechimba shimo kwenye majani. Tulitazamana hivyo shemeji na shemeji.

Katikati yetu kitu kikasema pa. Kama kitabu kilichoanguka.

Tulipotazama, dume alikuwa chini, anapiga mbawa mara ya mwisho.

"Nyoka huyo," akasema Nelda.

Kambini wakamwaga Nyumbu mezani. Zikatoka risasi mbili zenye matako mekundu. Nelda akazitazama, akatazama kucha zake. Doyle akasema ndiyo maana alipoamka alikuta vizibao vimebanana, akavibadilishia misumari apate pa kutundikia kofia yake. Kofia! Nimeangushwa na kofia! Halafu akakumbuka jambo jingine, akauliza, na mto wangu wa kanisani je? Nikamwambia huu si wakati wa mambo ya dini. Akanirushia mkate.

Bi Wylodean akasema kesi imekwisha hukumiwa na ndege mwenyewe. Korongo ni la aliyeangusha. Doyle akadai basi ni la Grimsley, maana Nelda kazaliwa Grimsley. Nikadai ni la Tadlock, maana kaolewa Tadlock. Tukapigiana kelele hadi kahawa ikapoa. Bi Wylodean akachukua ubao na rangi, akaandika herufi kubwa: KORONGO LA NELDA. Kisha akachukua mkasi. Doyle akakatwa mkia wake wa kwanza maishani, na hilo peke yake lilinipa nguvu ya kuishi. Akaja kwangu. Nikageuka nikamwonyesha: hakuna mkia, mama! Akanizunguka, akafikiri, akakata mkono mzima wa kulia hadi begani. Watu wote wakaona bilinganya langu.

Plasta zilitoka na nyusi.

Jumatatu, 22 Aprili

Nelda si mtu mbaya. Jana jioni, akinisugua bega kwa dawa, akasema naweza kukaa chini ya mwaloni wa baba siku yoyote ninayotaka, hadi nife. Niliangalia pembeni. Kisha akataja masharti, ndipo nikarudi katika hali yangu. Nichukue kabunduki kake. Nizibe masikio. Na kila Alhamisi, maharage nyuma ya banda, hadi nitakapofyatua bila kudonoa. Wiki tatu, akasema, nitakuwa nimepona.

Nikasema ndiyo mke wangu. Ndiyo, ndiyo.

Leo asubuhi Doyle akanipitia na pikapu. Hatusemezani, ila kuna jambo la maana kuliko kutosemezana: dada yake katuaibisha wote. Njiani tumelichambua kisomi. Tumegundua kosa liko wapi. Nyumbu ni mdogo! Bunduki ndogo hupiga teke kwa pupa, kama mbwa mdogo anavyobweka zaidi. Kubwa zaidi itasukuma taratibu, kwa busara. Muuza bunduki wa mjini anayo moja ya zamani, mdomo wa mtutu unaingia yai la kuku. Anasema mwenyewe wa kwanza aliiuza baada ya risasi moja. Tumekubaliana ni kwa sababu moja ilimtosha. Tumeichukua kwa ushirika. Tumeiita Treni. Imefichwa kwa Doyle, chini ya kitanda, na nusu yake inatokeza.

Majira yajayo tutaona korongo ni la nani.

Ila nina wasiwasi na Doyle. Huyu mtu bado mgonjwa. Tulipokuwa dukani muuzaji alifunga droo yake kwa kishindo, na Doyle akaruka, akafumba macho, masikini wa Mungu. Nilimcheka njia nzima. Akabisha kwamba hakufumba. Mimi kusema kweli sikumwona akifumba, wakati huo kulikuwa giza kidogo, lakini najua alifumba.